Mafuta ya Bibi Huia

Ngaio na wanangu,

Leo mjinga nimekuwa mimi. Viazi vitamu viko jikoni. Bangi imwagilieni mizizini tu, msiloweshe majani. Nimekwenda kumpelekea Bibi Huia mafuta yetu ya kutuliza maungo yake.

Mdogo wangu Rewi nilimpa miche ya bangi bure, akamue mafuta awagawie wagonjwa. Kumbe anamuuzia bibi wa watu! Asubuhi nimemkuta mlangoni kwa bibi huyo anapokea hela. Ndugu yangu wa tumbo moja! Akija hapo ~~msimfungulie~~ mpeni chai, sukari ficheni.

Eti anajitetea: “Kaka, samadi haiokotwi njiani.”

Bibi Huia akamjibu, “Samadi hiyo unaizoa bandani kwangu, mjukuu. Kuku wangu wamekudai lini?”

Baba