Mstari wa Jana

Kaka,

Chai ya baba iko kwenye chupa. Bomba la uani linavuja, usilifungue. ~~Ukitoka lindo nifuate hospitali.~~ Usije kwanza, baki na baba. Nimemwambia baba kwamba mama kaenda kupimwa tu.

Mama alizimia asubuhi, bado hajazinduka. Muuguzi kanirudisha nyumbani nichukue daftari la vipimo vyake vya sukari. Nimekuta mstari wa jana umeupaka wino mpaka karatasi imetoboka. Ila wastani wa wiki ulisahau kuufuta: 11.

Kila siku nawaambia wanafunzi wangu wageuze kanuni mpaka kile kisichojulikana kibaki peke yake. Leo nimeigeuza mwenyewe, nimesimama hapa mezani. Kumi na moja mara siku saba ni 77. Siku sita nyingine jumla yake ni 51. Kwa hiyo jana sukari ya mama ilikuwa 26.

Na jana zamu ya kumchoma sindano ya sukari ilikuwa yangu. Nilikwambia nimemchoma. Nilipitiwa, nikaona aibu kusema. Wewe ulipompima ukajua, ukanisitiri, na mimi nikalala fofofo.

Daftari naondoka nalo. Pembeni ya wino wako nimeandika 26, na jina langu. Wakikuuliza, usinitetee.

Dada yako