Wilondja amewekwa kwenye cours ya Lionel

Mama Nadège, wacha kutwanga hiyo sombe kwanza, usome. Nimeharibu kitu.

Unajua bwana yangu Wilondja alienda université kutafuta doctorat ya ingénieur, ile masomo ya juu kabisa. Kumbe habamuache aanze utafiti! Kwanza akae darasani, afanye cours, apite examen kama mwanafunzi. Na ni ile cours ya maji na mabomba, ile yenyewe alifundisha hapa Baraka miaka yote! Akabaambia, "Mi njo nilikuwa nafundisha." Bakamujibu, "Sheria ni sheria, Papa. Kaa."

Na prof ni nani? Lionel wako. Lionel! Ule mutoto Wilondja alikuwa anamupigisha magoti juu ya kuchelewa darasani.

Mi sikujua kama ni yeye. Leo asubuhi nikamupigia, simu ikaitika yenyewe mufukoni mwake, sauti yote inje. Nikasikia: "Étudiant wa nyuma, funga simu ama utoke." Étudiant! Muntu ya mvi, eti mwanafunzi! Nikaitambua ile sauti, nikapiga kelele: "We Lionel, mutoto ya Mama Nadège! Huyo ni mwalimu wako, alikupigishaka magoti!"

Darasa lote likacheka. Mama, bakacheka!

Sasa ameniandikia maneno tatu tu: "Mama, narudi Baraka." Napiga, hashike. Napiga tena, hashike.

Nilitaka kukuomba useme na Lionel. Hapana, usimuambie kitu. Akianza kumuonea mwalimu wake huruma mbele ya bale batoto, Wilondja hatabakia hata siku moja.