Tutalala Pangoni Siku ya Pili

Kitale, 9 Januari 2024

Shemeji Mulki,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii imekukuta na afya, wewe na Sabiha na mdogo wake Osman. Sisi huku ni wazima, ila vumbi la Januari limetukaba na mahindi bado yako uani yanasubiri kupukuchuliwa. Utashangaa mbona nimeshika kalamu badala ya simu. Simu yako najua watoto ndio wanaishika kuliko wewe, na haya si ya watoto. Linah huja Bungoma kila wiki na mitumba yake, kwa hivyo nimempa yeye akuletee mkononi.

Jumamosi alikuja mtu ofisini kwangu, hapa karibu na msikiti. Anatimiza miaka sitini na anataka kupanda Elgon hadi kilele cha Koitobos, siku nne, yeye na marafiki saba wa kanisani kwake. Nilimpa fomu ajaze. Alipoirudisha nililisoma jina mara mbili. Hillary Khaemba.

Hakunijua. Wakati wa mazishi ya ndugu yangu Naim mimi nilikuwa naendesha lori Lodwar, nikafika matanga yameisha. Yeye aliona tu kijana wa Kitale mwenye leseni ya kuongoza watu mlimani.

Shemeji, kuna jambo nimekuficha tangu Agosti, na sasa siwezi tena. Unamkumbuka Chelimo, aliyekuwa mpishi wa safari ile ambayo Naim alikuwa mpagazi? Siku hizi anachunga ng'ombe wake huko juu. Alinitafuta mwenyewe, akaniambia ndugu yangu hakuiba kamera ya mzungu wala hakutoroka. Siku ya pili Naim alianza kukohoa povu, hawezi kubeba, hawezi kutembea. Hillary alikuwa mkuu wa waongozaji. Akasema alazwe kwenye pango la wachungaji, aachiwe maji na blanketi moja, watampitia wakirudi. Chelimo alitaka kubaki naye, akaambiwa akibaki hana kazi tena. Halafu wageni wakaona afadhali wateremkie upande wa Kapsokwony, na Hillary akakubali. Hawakurudi pangoni. Walipofika chini ndipo akatunga habari ya kamera.

Naim alikaa siku tisa mle ndani kabla ya wachungaji kumpata, na watu wakaamini alikuwa amejificha. Alikufa siku gani, Mungu ndiye anajua.

Sijamjibu Hillary. Nimkatalie?

Shemeji yako,
Salman

*

Bungoma, 13 Januari 2024

Shemeji Salman,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima wa mwili. Barua yako niliisomea jikoni na chapati zote zikaungua, Sabiha akaja mbio akidhani nyumba inawaka.

Sijakasirika kwamba ulinificha. Nitakasirika ukimkataa huyo mtu.

Wewe hukuwepo mazishini, acha nikuambie. Alikuja. Alivaa koti jeusi akasimama mbele ya wanaume akasema, "Tumsamehe ndugu yetu, tamaa ilimshinda." Watu wakatikisa vichwa. Jirani aliyekuwa ameshika mkono wangu aliuachilia. Siku ya tatu hakuna mtu aliyekuja nyumbani, hata wa kuleta sukari. Ndiyo sababu nilifunga virago nikarudi huku Bungoma kwa mama yangu, nikaacha nyumba ambayo Naim alijenga kwa mgongo wake. Na huku pia ninamkuta Hillary. Ana lojing'i ya kulaza wageni barabara ya kwenda sokoni, mimi hupita hapo na karai langu la maandazi. Yeye husalimia watu akiwa kwenye kiti.

Mpeleke, Salman. Panga safari vizuri, asikose kitu. Siku ya pili mlale pango lile lile. Asubuhi wenzake wakipanda kileleni, yeye abaki hapo, na wewe uteremke. Umwachie maji na blanketi moja. Simwombei kingine chochote, nataka apewe kile alichotoa.

Usinijibu kuhusu Mungu. Nitaongea naye mwenyewe.

Mulki

*

Kitale, 24 Januari 2024

Shemeji Mulki,

Asalaam aleikum. Huku tuko salama, nashukuru kwa maandazi, Linah alifika nayo nusu.

Siku kumi hivi sikulala vizuri. Nilikuwa nimeamua kukataa. Halafu Alhamisi Hillary alikuja kuangalia mpango wa safari. Nikamtandazia ramani mezani nikamweleza: siku ya kwanza lango la Chorlim kupitia msitu na mianzi, kulala kambini. Siku ya pili kutoka kwenye miti, kufika pango la wachungaji saa tisa. Siku ya tatu kilele, kurudi pangoni. Siku ya nne chini. Nilipoweka kidole kwenye pango aliniuliza kama hakuna mahali pengine pa kulala. Nikamwambia hapo kuna maji na upepo hauingii. Akakubali.

Akiwa mlangoni aligeuka akaniambia, "Wapagazi wako uwachunge, kijana. Mimi nilikuwa na mmoja mwizi, aliniharibia jina na wageni."

Nikamjibu nitawachunga.

Kwa hivyo, Shemeji, nimekubali. Tutaondoka tarehe kumi na tano Februari. Nina wapagazi kumi na mmoja, na msaidizi wangu Dancan ndiye atawapandisha wale saba kileleni, kisha awateremshie Kapsokwony akidhani mimi nimeshamshusha mzee. Mzee nimemwangalia: miguu imevimba kwenye vifundo, buti ni mpya kabisa, na ngazi zangu nne alizipanda akipumua kwa mdomo. Kule juu hewa itamkaba kabla sijamgusa. Sitahitaji kufanya jambo lolote ila kuondoka. Mahema, stovu, mabegi ya kulalia, vyote nitateremka navyo.

Kila kitu nimekiandika kwenye daftari kama safari nyingine yoyote, na hilo ndilo linanitisha. Kilo za unga, mafuta ya taa, glovu za ziada.

Salimia watoto. Waambie baba yao mdogo anawakumbuka.

Salman

*

Bungoma, 3 Februari 2024

Shemeji,

Hatujambo. Osman amepoteza jino la mbele, Sabiha ameshika namba tatu.

Nakuomba jambo moja tu. Usimwache kama mtu aliyesahaulika. Kabla hujaondoka, kaa mbele yake, umwambie wewe ni nani. Naim alikaa pale akidhani watarudi, akisikiliza kila jiwe likianguka. Huyu asipate hata hiyo. Ajue mapema kwamba hakuna anayekuja.

Nimeanza kulala vizuri. Mama ananiuliza nimemeza dawa gani.

Mulki

*

Endebess, 14 Februari 2024

Shemeji,

Naandika haraka kwenye duka la mkate, Linah yuko hapa kwa soko. Wageni wanafika kesho asubuhi na gari la kukodi. Chelimo nilimtumia habari kwamba napita kwake na Hillary, hakujibu.

Ikiwa sitarudi sawa, usiwaambie watoto.

Salman

*

Bungoma, 4 Machi 2024

Salman,

Siku kumi na tano tangu mshuke, na wewe kimya. Linah amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema ofisi yako imefungwa na wewe huonekani hata msikitini.

Hapa mjini nasikia mzee wa lojing'i alishushwa mlimani akiwa kwenye machela, amelazwa, mapafu yalijaa maji. Amelazwa, Salman. Watu hulaza wagonjwa, maiti hawalazwi. Nimesimama mbele ya lojing'i yake leo na karai kichwani mpaka mlinzi akaniuliza nauza au siuzi.

Uliniahidi. Kwa nini anapumua?

Mulki

*

Kitale, 8 Machi 2024

Shemeji Mulki,

Asalaam aleikum. Sikuuliza hali yenu katika ile ya mwisho, nisamehe. Nilikuwa kwa Chelimo muda wote huu, nachunga ng'ombe wake. Sikutaka kuonana na mtu. Sasa nimeshuka, nakueleza yote na wewe utaamua kama bado mimi ni shemeji yako.

Siku ya kwanza alitembea mbele akiwasimulia wenzake jinsi mlima huu alivyoujua zamani. Siku ya pili alianza kukohoa. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba mtu akikohoa hivyo hurudishwa chini, maana sikutaka baadaye waseme hakuonywa. Akakataa. Tulifika pangoni saa tisa kama nilivyopanga. Hakuingia ndani. Alikaa nje kwenye jiwe amejifunika jaketi mpaka baridi ikamsukuma.

Asubuhi Dancan aliondoka na wale saba. Wapagazi niliwatangulizia chini na mizigo. Tukabaki mimi na yeye. Nikakaa mbele yake kama ulivyotaka.

"Mimi ni Salman," nikamwambia. "Ndugu yake Naim."

Akaniangalia. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Akauliza, "Naim gani?"

Shemeji, nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, kwa uongo, kwa kuniomba. Hilo sikujitayarishia. Miaka sita wewe umebeba jina la mwizi, na yeye hata hakumbuki alimpa nani. Nikamkumbusha blanketi, nikamkumbusha Kapsokwony. Ndipo akasema polepole, "Yule wa kamera."

Niliweka chupa ya maji na blanketi karibu na mguu wake, nikaondoka. Aliniita. Alinitaja kwa jina mara nyingi, nikawa naisikia sauti hadi nilipovuka mgongo wa kilima.

Niliteremka saa nzima, nikafika kwenye mto. Pale nikakaa kuosha uso, na nikaanza kufikiri watu watasema nini. Watasema mzee wa kanisa aliachwa na Mwislamu wa Kitale. Watasema ni ndugu wa yule mwizi. Dancan atashikwa, wapagazi watashikwa, na Hillary atazikwa kwa koti jeusi na hotuba. Na neno lile alilolisema mbele ya kaburi la Naim litabaki palepale, maana aliyelisema hayupo wa kulirudisha. Sikumhurumia. Nataka ulijue hilo. Nilirudi kwa sababu nilimhitaji akiwa na ulimi, na njiani nikampigia Dancan simu awarudishe wenzake pangoni.

Nilimkuta ametambaa hadi mlangoni mwa pango. Chelimo alikuwepo, amemwegemeza kifuani mwake ili apumue. Kumbe alipata habari yangu akatufuata kwa mbali tangu jana yake. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Nikamwambia Hillary, "Wenzako wakirudi utawaeleza, ndipo nitakubeba."

Akasema hana pumzi. Nikamjibu atumie aliyo nayo.

Walirudi saa sita, wanacheka, nyuso zimewaka jua. Akawaeleza. Ilichukua muda mrefu, maneno mawili, kikohozi, maneno mawili. Pango, povu, blanketi, kamera ambayo haikuwahi kupotea, mzungu alirudi nayo kwao. Chelimo aliongeza pale alipopunguza. Miongoni mwao kuna mwalimu mstaafu wa Matulo, mama Phelista. Alilia, halafu akatoa daftari lake la safari akaandika yote, akamsomea, na Hillary akatia sahihi. Wote saba walitia sahihi chini yake. Baada ya hapo tukatengeneza machela kwa fimbo za kupandia mlima na lile blanketi, na mimi ndiye nilishika upande wa kichwani mpaka tukalipata gari.

Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha hii. Ni ya kwako. Ufanye nayo unavyotaka.

Lakini nikuulize, Shemeji. Kama nisingerudi kule juu, ungeniangalia vipi nikija kuwaona watoto?

Salman

*

Kitale, 19 Aprili 2024

Shemeji Mulki,

Ramadhani imepita na Idi imepita, hukuniandikia. Sikulaumu. Napenda kujua tu kama mko wazima.

Salman

*

Bungoma, 2 Juni 2024

Shemeji wangu Salman,

Waaleikum salaam wa rahmatullah. Tuko wazima. Uliniuliza swali nikashindwa kulijibu, ndiyo sababu nilinyamaza. Nilikuwa tayari uwe muuaji ili mimi nilale usingizi. Hilo nimelikubali, nimekuandikia, sasa uko nalo kwa mkono wangu.

Karatasi nimeitumia. Agneta, mke wake, alikuja kunisihi niifiche, akapiga magoti kwenye sakafu yangu. Nilimwinua, nikampa chai, nikamwambia hapana. Nilitoa nakala arobaini. Moja nilimpa imamu akaisoma baada ya swala ya Ijumaa, nikiwa nje na wanawake. Moja mama Phelista aliisoma mwenyewe kanisani kwao. Nyingine nilizipeleka Kitale na Linah, mlango hadi mlango, mtaa ule niliotoka. Jirani aliyeachilia mkono wangu nilimsomea mimi. Akaomba nimsamehe. Nilimwambia nina nakala nyingi bado, nikaendelea.

Kanisa limemvua cheo cha uzee. Kiti chake pale lojing'i hakina mtu. Nilipita kila siku kukiangalia, na nilifurahi, Salman. Usidhani nilikuwa na huzuni fulani ya siri.

Halafu shule zikafunguliwa. Sikujua kwamba mjukuu wa Hillary, anaitwa Nekesa, yuko darasa moja na Sabiha. Wiki ya pili mwalimu aliniita. Sabiha alichukua nakala moja chini ya godoro langu, akasimama juu ya dawati wakati wa mapumziko akaisoma yote, kwa sauti. Alipomaliza aliwaambia wenzake wasikae na Nekesa. Na hawakukaa naye. Kabla wiki haijaisha mtoto aliacha kuja shule.

Mwalimu alitaka nimkemee Sabiha. Nikamwambia nitamkemea. Nikarudi nyumbani nikampakulia nyama nyingi. Siku nne sikumkemea, naye akawa ananiangalia kama mtu aliyeshinda zawadi. Siku ya tano alinionyesha orodha. Alikuwa ameandika majina ya ndugu wa Nekesa na shule zao. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula.

Niliichana. Tulilia sote wawili, yeye kwa hasira.

Jumatatu asubuhi nilimshika mkono tukaenda kwa Hillary, yunifomu yake imepigwa pasi. Yeye mwenyewe ndiye alifungua, amekonda, anajishikilia kwa fimbo. Aliponiona alianza kusema aliyokuwa ameyapanga, kwamba nimsamehe, kwamba Mungu amemwonyesha.

"Wewe sijakusamehe," nikamwambia. "Nimekuja kumchukua Nekesa, anachelewa shule."

Akasogea tupite. Mtoto alitoka nyuma ya bibi yake na begi, viatu havijafungwa. Sabiha hakumwangalia. Lakini tulipofika barabarani alisimama kumsubiri afunge kamba, na tukaendelea sote watatu mpaka getini.

Kesho nitawapeleka tena. Njoo mwisho wa mwezi uwaone watoto. Nitakuangalia usoni, na wewe uniangalie.

Ni mimi shemeji yako,
Mulki