Nilivyosema Mama Mkwe Anachelewa

Ijumaa, Kasese, magharibi mwa Uganda. Mvua ya alfajiri imepita na joto limeshaanza kupanda kutoka kwenye lami. Nimekunywa chai bila haraka. Nina jambo la kukiri, na afadhali niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Nilimwaibisha mama mkwe wangu mbele ya kwaya yake, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: ninarekodi muziki katika chumba kimoja nyuma ya saluni ya mke wangu, Musoki. Baba yangu alitoka magharibi mwa Kenya kuja kufanya kazi ya saruji, akabaki huku, na mimi nikaoa Bwera, mji ulio karibu na mpaka wa Kongo. Mama mkwe, ambaye kule kila mtu humwita Mama Musoki, ndiye mpiga ngoma wa kwaya ya akina mama kanisani kwao. Si ngoma za kiasili. Anapiga drams, zile za kukalia, zenye matoazi na ngoma kubwa ya mguu. Kanisa lilipozipata, bwana aliyejua kuzipiga alihamia Kampala baada ya muda mfupi, zikabaki zimefunikwa shuka. Mama alikuwa ameshapita miaka hamsini. Alijifunza nyumbani kwake kwa kupiga madumu ya maji, mpaka majirani wakazoea.

Anapopiga huvua viatu na kutazama dirishani, kama mtu anayemsubiri mgeni anayempenda. Miaka kumi sasa nakaa benchi la nyuma na kumsikiliza. Sijawahi kumwambia kwamba ndiye mpiga ngoma nimpendaye kuliko wote. Kwa mkwe na mama mkwe, maneno kama hayo hayapiti mdomoni kirahisi.

Wiki tatu zilizopita nilipakia vyombo vyangu nikaenda Bwera kurekodi nyimbo tatu za kwaya. Kinanda na gitaa tulikuwa tumevimaliza. Kazi ya Mama ilikuwa kuvaa hedifoni, kusikiliza kinanda, na kupiga juu yake. Akina mama wangeimba mwisho. Alipiga nyimbo zote tatu mfululizo. Wakati anapiga sikuona tatizo lolote, na hilo peke yake lilipaswa kuniamsha.

Tuliposikiliza, ngoma zilikuwa nyuma ya kinanda. Ni kiasi cha kupepesa jicho tu, lakini sikio halisamehe. Kila mtu alisikia.

Nikasema, mbele ya akina mama kumi na wanne, "Mama anachelewa kidogo. Nitarekebisha kwenye kompyuta."

Nilidhani nimesema kwa upole. Lakini Mwalimu Thembo, kiongozi wa kwaya, akadakia kwamba umri ni umri, na pengine kwa kazi ya kurekodi tutumie ngoma za ndani ya kinanda. Mama akavaa viatu vyake. "Haina shida," akasema, akatoka.

Tangu siku hiyo hakuenda mazoezini. Akiulizwa, alisema kahawa imekuwa nyingi.

Musoki hakunigombeza. Aliniambia tu, akisuka mteja, bila hata kugeuka, "Mama yangu hajawahi kuchelewa popote. Hata leba alinizaa kabla mkunga hajavaa glovu." Mteja akacheka. Mimi nikarudi chumbani kwangu.

Nikaanza kurekebisha. Kwa asiyejua, kazi yenyewe iko hivi: kwenye skrini kila pigo linaonekana kama kilima kidogo, na kuna mistari inayoonyesha pigo lilipaswa kuangukia wapi. Unakata kabla ya kilima, unakisogeza hadi kwenye mstari, unashona. Kisha kingine. Nilikuwa nimeweka maiki nne, kwa hiyo ukisogeza pigo kwenye maiki moja ni lazima usogeze zote nne kwa pamoja, maana sauti ya ngoma ndogo imeingia mpaka kwenye maiki ya matoazi. Usipofanya hivyo, ngoma moja itasikika kama mbili zinazogombana.

Siku nne nilikata na kushona. Wimbo wa kwanza ukanyooka, lakini ukafa. Ulikuwa kama mtu anayetembea huku akihesabu hatua zake.

Jana asubuhi, nikiwa katikati ya wimbo wa pili, nikaona kitu. Kila pigo nililokuwa nalisogeza, nililisogeza umbali uleule. Nikapima mwanzo wa wimbo: umbali ule. Katikati: ule. Nikafungua wimbo wa tatu, ambao mwendo wake ni wa kasi zaidi: umbali uleule, ila sehemu moja tu karibu na mwisho.

Binadamu hachelewi hivyo. Anayechelewa leo huwahi kidogo kesho. Huchoka, hushtuka, hukimbilia kiitikio. Kinachochelewa sawasawa namna ile ni mashine.

Nikaweka hedifoni mbele ya maiki, nikacheza mlio wa tik, tik kutoka kwenye kompyuta, nikaurekodi ukirudi. Ukarudi umechelewa, kwa kiasi kilekile. Kosa lilikuwa la kisanduku changu kipya cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Nilikinunua mwezi uliopita, nikakichomeka, na sikuangalia mipangilio yake ya kufidia kuchelewa huko. Kila alichopiga Mama kwa wakati, kisanduku kilikiandika kwa kuchelewa.

Nikarudisha rekodi zake kama zilivyokuwa kabla sijazikata. Nikazishika zote kwa pamoja, nikazisogeza mara moja tu. Zikakaa. Na kwenye viitikio alikuwa akiegemea mbele kidogo, kidogo sana, kama anayewavuta akina mama mkono. Mimi nilikuwa nimeufuta mkono huo kwa siku nne.

Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikaona aibu, nikachukua pikipiki.

Bwera nilimkuta Mama nyuma ya nyumba, ameinama juu ya turubai, akichambua kahawa. Wingu lilikuwa limekaa juu ya milima. Tukasalimiana, akaona begi langu.

"Baba Neema, unaleta kompyuta mpaka ku kahawa?"

Neema ni binti yetu. Nikamwambia Mama asikilize kwanza. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akavaa hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, akasikiliza wimbo mzima. Vidole vyake vilikuwa vikigonga goti. Ulipokwisha nikamweleza yote: kisanduku, mipangilio, kosa langu. Nikamwomba msamaha.

"Mimi nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Nilijua iko sawa. Mikono inajua. Lakini weye ulisema mashini inaonyesha, na mimi sijue mashini."

"Mbona hukusema, Mama?"

Akaniangalia kama ninavyomwangalia Neema anapouliza kwa nini jua ni moto. "Niseme mbele ya batu bote mukwe wangu amekosea? Banakuja kukulipa, weye mutu wa kazi hiyo. Kesho nani atakuita tena?"

Nilichutama nikaanza kutoa kahawa mbovu kwenye turubai, ili mikono iwe na kazi.

Mama akasema, "Ile maneno ulisema mbele ya batu. Na hii iende mbele ya batu."

"Nitasema leo."

"Na ule wimbo wa tatu, ku mwisho, pale nilipotea kweli. Mbu aliniuma. Hapo urekebishe."

Tulianua kahawa pamoja mvua ilipoanza. Saa kumi alikwenda na mimi mazoezini, akatangulia kuingia, akakaa benchi la mwisho. Nikasimama mbele ya akina mama nikasema kwamba aliyechelewa ni mimi na chombo changu, na kwamba Mama Musoki hakuchelewa hata wimbo mmoja. Nikawachezea wimbo wa kwanza.

Mwalimu Thembo alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipokwisha, alishuka hadi benchi la mwisho, akamshika Mama mkono kwa mikono yake miwili. "Mama Musoki, nilikuongelea miaka yako vibaya. Unisamehe."

"Imeisha," Mama akasema. "Tupige, mvua ingine itatukuta hapa."

Akaenda akakaa kwenye drams. Akina mama wakasimama. Sikurekodi. Nilikaa tu.

Asubuhi hii nimefungua wimbo wa tatu, nikapatafuta pale pa mbu. Ni pigo moja tu. Nimelikata, nimelisogeza, nimelishona, na sasa hakuna wa kulitambua ila yeye na mimi. Leo mchana nitaandika ile mipangilio kwenye karatasi na kuibandika ukutani, na nitapima kila chombo kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba amekosea.

Lakini kuna swali ambalo karatasi haitalijibu. Mikono ya Mama naijua kwa miaka kumi. Kisanduku kile nilikuwa nacho kwa wiki moja. Kwa nini niliamini kisanduku?