Nikiguswa Nabana Pumzi, Binti Anadhani Simtaki Mkwe

Mpendwa mshauri, u hali gani wewe na wa nyumbani kwako? Mimi ni mzima kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ila moyo ndio haujakaa sawa, naomba unisaidie.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita, na tangu najifunza kazi nimezoea kubana pini mdomoni wakati wa kumrekebishia mtu nguo mwilini, na mwenye pini mdomoni haongei wala hapumui ovyo asije akazimeza, basi ikawa mazoea, hata pini zisipokuwepo jambo likinigusa tu mdomo unajifunga, pumzi inakwama kifuani, na nikisema sauti inatoka kavu kama nasoma vipimo. Marehemu mume wangu aliponiposa nilimjibu, "Sawa." Akasubiri niongeze. Sikuongeza.

Sasa binti yangu wa pekee anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, namshonea gauni mwenyewe, na mkwe ni kijana mwema, nawaombea wote wawili kila alfajiri, na huko peke yangu nalia mpaka shuka inalowa. Juzi kavaa gauni, akaniuliza, "Mama, nimependeza?" Moyo ulinijaa mpaka masikioni, nikamwambia, "Inua mkono." Akasema, "Mama, kama humtaki mwenzangu, sema." Nikasema, "Usitikisike." Akalivua gauni. Jana kamtuma shangazi yake, yaani wifi yangu, aniambie kwamba yeye shangazi ndiye atakayesimama kutoa neno la baraka siku hiyo, mimi nikae tu. Na wifi akaongeza la kwake: "Wifi, hata jiwe ukiligonga hulia."

Nifanyeje? Tafadhali nijibu mapema, siku zenyewe zinakwisha.

Mama wa Gauni

MSHAURI ANAJIBU:

Mama wa Gauni, pole. Sasa nisikilize. Mkwe hana kosa, na sauti yako haina ugonjwa. Sauti ni pumzi iliyopewa kazi. Ukiibana, uchungu na furaha vyote vinatoka na sura moja. Wewe unasubiri utulie ndipo useme, na ukishatulia huna tena la kusema.

Mungu anakusikia alfajiri, sikatai. Yeye anajua hata usilolitamka. Bintiyo hajui. Ana masikio mawili tu, na umeyalisha amri: inua, usitikisike. Ungekuwa wewe ungeelewaje?

Usingoje gauni liishe. Mwite leo, mkae, mikono yako ikiwa mitupu. Toa pumzi yote, taratibu, mpaka mabega yashuke, kisha iache iingie yenyewe. Inapotoka, sema: "Mwanangu, nimempenda uliyemchagua, na nyumba hii itanipwaya ukiondoka." Sauti itatetemeka. Usirudi nyuma kuinyoosha. Endelea nayo hivyo hivyo. Halafu mwombe nafasi yako ya kumbariki, kwa mdomo wako, usitume mtu.

Akilia, usimwambie anyamaze. Ukilia wewe, usiinuke kwenda kupiga pasi.