Ukiona Shati Jeupe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimefungua kabati la matangazo ya zamani. Laiti nisingelifungua! Kiwanda cha sabuni kinatimiza miaka hamsini, na mwenye kiwanda (ofisini tunamwita Mzee wa Sabuni) anataka tangazo lake la kwanza lirudi. Kazi nimepewa mimi, mwandishi wa maneno ya matangazo. Dada Mkubwa, bosi wetu, kasema likifana kiti cha mhariri ni changu. Likiharibika, nisimlaumu mtu.

Basi nimeshinda sakafuni na wanawake wa karatasi. Wote wanacheka. Mmoja anapiga deki amevaa visigino virefu! Mwingine kalikumbatia jiko kama mtoto aliyepotea akapatikana. “Mgeni huiona sakafu kabla ya kukuona wewe.” “Jiko rahisi – hata bi harusi wa jana ataliweza.” Baba yeye kazi yake ni kuingia mlangoni. Sikuona hata mmoja mwenye mkono uliolowa.

Na hili la sabuni. Bwana kasimama kifua mbele, mke kainamia beseni. Chini, herufi nene: UKIONA SHATI JEUPE, JUA AMEOA.

Ameoa! Yeye anaoa, mimi naolewa, sabuni ndiyo shahidi. Nimelirudisha kabatini, nikalitoa tena. Kazi ni kazi.

Jumatano, 6 Machi

Nimempelekea Mzee maneno mapya. Nimebadili neno moja tu: “Jua wameoana.” Neno zuri, la watu wawili, na lipo siku zote!

Mzee kavua miwani. Kauliza, shati moja limeoana na nani? Nikamwambia siku hizi wanaume nao wanafua. Kacheka mpaka kakohoa. Mwanamume anayefua, kasema, huyo hakuoa, kaolewa.

Dada Mkubwa naye kacheka. Cheko la biashara, najua. Lakini limeniuma.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa!

Mwalimu kaja kunichukua ofisini. Ni mume wangu, lakini mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami nimezoea. Shati jeupe, kola imesimama. Mzee ndiye huyo anatoka. Kaishika kola, kaigeuza, kachungulia ndani. Huyu ndiye! Huyu ameoa! Hataki tena waigizaji wa kukodi, anamtaka Mwalimu, mkewe halisi, na beseni. Jumanne, studio.

Nilifungua mdomo. Dada Mkubwa kanikanyaga mguu.

Na Mwalimu? Katabasamu. Kasema asante!

Asante ya nini? Kwetu mashati anafua yeye, tangu tuoane. Mimi sabuni inanibabua, na kusema kweli kufua sijui. Yeye anafulia bafuni, mlango kafunga, anaimba kwa pua. Akimaliza, mimi ndiye natoka na beseni kwenda kuanika. Majirani wananisifu.

Jumapili, 10 Machi

Tumegombana. Nimemwambia: sema tu kwamba unafua mwenyewe. Mara moja, mbele ya Mzee. Kasema picha itabandikwa ukutani mbele ya shule yake, wanafunzi watamwita Bwana Aliyeolewa mpaka astaafu. Nikamuuliza, na mimi wataniitaje, nikiwa nimeinama kwenye kuta za mji mzima?

Kasema, lakini anayekitaka kile kiti si wewe?

Hapo kanipata. Ndiyo, nakitaka! Miaka yote hii nasahihisha maneno ya watu wasiojua kuandika. Nimekasirika kwa sababu kasema kweli.

Mwishowe kaahidi. Akiulizwa, atasema.

Jumanne, 12 Machi

Naandika chooni, studio, nimekalia kifuniko. Mikono imelowa, wino unachuruzika.

Wamenivisha aproni ya lesi. Inama, mama, kasema mpiga picha. Kidogo tena. Mzee kadakia: mtaka cha mvunguni sharti ainame! Wakaangua kicheko. Nikainama.

Kisha Mzee kamgeukia Mwalimu. Siri ya shati hili ni nini, bwana?

Swali lenyewe! Nikainua kichwa. Mwalimu kasema: nafua mwenyewe.

Alisema! Nilimsikia kwa masikio yangu.

Halafu Mzee: Kumbe umeolewa! Wote wakavunjika mbavu. Na Mwalimu – Mwalimu kacheka kuliko wote. Natania, Mzee wangu. Si nina mke?

Nimesugua. Nilikuwa nataka kulipasua hilo shati. Mpiga picha kashusha kamera. Mama, mbona unalishika kama unakamua chungwa? Nani ataamini? Mzee kasogea kuitazama mikono yangu. Nikasema naenda haja.

Dada Mkubwa keshapita mlangoni. Kasema nitoke sasa hivi, au kesho nisije kazini.

Kuna mwingine anagonga. Taratibu. Ni yeye. Nilidhani kaja kuomba radhi.

Anasema: mke wangu, kola igeuze, uishike kwa vidole, uanzie kwenye mshono. Usikamue. Umenisikia? Igeuze kwanza –

Ananong’ona, wasije wakamsikia.