Sura Niliyompa Masalu

Jumatano, Pasiansi. Mvua imeshinda ikinyesha, na ziwa limekuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.

Kuna jambo nimelificha kwa zaidi ya miaka arobaini. Picha ya marehemu Masalu, iliyotundikwa sebuleni kwa binti yake, si picha ya Masalu.

Haya, nimeliandika. Moyo umechoka, miguu imevimba hadi ndala hazinienei, na daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi.

Ninyi mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni mnanijua kwa jambo moja: nawadharau watu wa filta. Leo sijabadilika. Mjukuu wangu Kabula ana duka la picha Nyamagana, na tangu nizidiwe amehamishia kompyuta yake hapa kwangu ili aniangalie huku akifanya kazi. Kwa hiyo naona kila kitu. Kila wiki anakuja na flashi yenye plagini mpya, yaani kiprogramu cha nyongeza. Anaipachika kwenye programu yake ya kuhariri picha, anaifunga programu, anaifungua tena, na tayari kuna kitufe kingine cha kudanganyia watu. Kimoja kinalainisha ngozi. Kimoja kinarefusha shingo. Kingine kinaondoa mbingu yetu na kuweka machweo ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Bibi harusi wa juzi alipigwa picha mbele ya mawe ya ufukweni, mawe ambayo mji huu wote umeyakalia. Kabula akayafuta kwa sababu, alisema, yanachafua picha. Bibi harusi mwenyewe alibaki na matundu mawili mahali pa pua.

"Uso wa mtu si sufuria," nilimwambia. "Hausuguliwi hadi ung'ae."

"Babu, mteja akijiona alivyo anakimbia."

Mimi nilisoma kemia hadi chuo, nikafundisha kidogo, kisha nikafungua studio. Nimejisifu humu mara nyingi kwamba picha zangu zilikuwa picha za watu, si za vinyago. Wengi wenu mlinipongeza. Mlinipongeza bure.

Jumatatu alikuja Mwalimu Sabina, binti wa Masalu. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, baba yake naye akafariki yeye akiwa na miaka miwili, akalelewa na bibi yake mzaa baba huko Bujora. Sasa yeye mwenyewe ana mvi. Familia inalijengea kaburi la baba yake, na ile picha, ya pekee aliyo nayo, itachapwa kwenye kigae na kubandikwa Jumamosi. Alitaka Kabula aondoe madoa na mikunjo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Za nyumbani?"

Akaketi, akaifungua picha kutoka kwenye kitenge, akaniinamishia kichwa ili nione vizuri. "Watu wote huniambia hili paji la uso nimelitoa kwa baba. Na wewe unaliona, Mzee?"

Nilisema naliona.

Kabula akaiingiza picha kwenye kompyuta. Wiki iliyopita alikuwa ameongeza plagini inayotambua nyuso na kuweka picha za mtu mmoja mahali pamoja, na alikuwa ameilisha negativu zangu zote za zamani. Mashine ikafikiri kidogo. Ikamweka Masalu kando yangu: mimi siku ya harusi yangu, mimi chuoni, mimi nimembeba baba yake Kabula. Chini ikauliza kama huyu ni mtu yule yule.

Kabula alicheka. "Ona, Babu. Inasema baba yake Mwalimu ni wewe."

"Ipe maji hiyo mashine," Sabina akasema. "Imelewa."

"Vitu vya bure ndivyo vilivyo." Kabula akabonyeza Hapana.

Walicheka wote wawili. Nami nikacheka.

Mashine ilikuwa sahihi.

Mwalimu asielewe vibaya. Mimi si baba yake, na mama yake sikuwahi hata kumwona. Nilichofanya ni kibaya kwa namna nyingine. Masalu alikuja studio akiwa mgonjwa, pamoja na mama yake na mtoto, ili mtoto abaki na picha. Nilimvalisha koti la studio kama nilivyomvalisha kila mtu, maana kupigwa picha na shati lako mwenyewe kulionekana ni kutangaza ufukara. Nilimpiga picha moja tu, kwa kuwa filamu zilikuwa adimu. Wiki haikuisha akafariki.

Matanga yalipokwisha, mama yake alikuja kuichukua. Nilimwambia arudi baada ya siku mbili. Siku hiyo hiyo nilivaa lile koti, nikaitega kamera ijipige yenyewe, nikageuza uso upande. Masalu na mimi tulikuwa rika moja, wembamba wote. Kwa penseli iliyochongwa kama sindano niliigusa ile picha iliyokwisha kuchapwa, nikanenepesha masharubu, nikatia kivuli kwenye mashavu. Yule mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliisogeza picha mlangoni penye mwanga, akapapasa pale penye koti.

"Amependeza," alisema. "Limemkaa vizuri."

Kisha akanishika mikono yote miwili kunishukuru, na nilimwacha anishukuru.

Kabula anafuta chunusi. Mimi nilifuta mtu mzima, halafu nimekaa miaka mitatu kwenye ukurasa huu nikiwafundisha vijana uaminifu. Sijui mtu wa kudharauliwa zaidi ya huyo.

Leo asubuhi nimemzuia Kabula asiipeleke picha kwa mtengeneza vigae.

"Kwani ina nini, Babu?"

"Utasoma ninachoandika. Ukimaliza, chapa kurasa hizi umpelekee Mwalimu mwenyewe mkononi, kabla ya Jumamosi."

Alinitazama kama anayetaka kunipima homa.

Kuna jambo limebaki. Jana, kwenye rasimu, niliandika kwamba filamu ya Masalu iliungua, kwamba nilichanganya dawa vibaya, na kwamba nilifanya yote yale kwa aibu ya kumrudisha mama yule mikono mitupu. Ni maelezo mazuri. Mtu aliyesoma kemia anaaminika akisema hivyo, na mke wangu aliyaamini hadi alipozikwa. Nimeyafuta.

Mwalimu Sabina, filamu haikuungua. Picha ya baba yako ilitoka safi kabisa. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa ugonjwa, na hakuitazama kamera. Alikuwa anakuchekea wewe uliyekaa chini miguuni pa bibi yako, mdomo wazi, macho ameyafumba kwa kicheko. Studio yangu haikuwa ya kutoa picha za namna hiyo. Niliona ni mbaya, nikaikatakata filamu yake kwa mkasi.